Majani ya Shamba la Jirani

Mimi ndiye niliyesoma. Wengine wanamlaumu Desderius, bwana shamba, wengine wanaulaumu mradi, nami nimewaacha hivyohivyo, maana lawama ni tamu ikimwangukia mwenzako. Lakini sauti iliyosikika kwenye mkutano wa Nyakisasa ilikuwa yangu, Naima.

Miaka minne kabla ya hapo, watafiti walipita Nyakisasa wakichuma majani ya mihogo, shamba kwa shamba. Walitaka kusoma vinasaba vyake na kujua ni wapi palipo na michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakikuchekea. Kila mkulima alipewa kadi yenye namba. Majani yakasafiri, majibu hayakurudi. Majibu ya watu wakubwa huwa hayana nauli ya kurudia.

Mwaka huu ukaja mradi wa mbegu, ukafungua ofisi Nyamiaga, nami nikaajiriwa kuyatafuta majibu hayo. Data yote ilikuwa imehifadhiwa nje, kwenye ghala la kompyuta lililo wazi kwa dunia nzima, ila kuipata humo ni kutafuta punje moja ya mtama kwenye gunia la ulezi. Nikapata programu ya bure. Unaiandikia namba ya sampuli, nayo inakuletea viungo vya kupakulia data yake, pamoja na jina la mkulima na kijiji. Sekunde mbili tu. Niliringa nayo ofisini kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi.

Kanuni ya mradi ilikuwa moja. Shamba safi litazalisha mbegu za kata nzima. Shamba lenye ugonjwa litang'olewa na kuchomwa.

Hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu shamba safi. Lilikuwa la mzee Idefonsi na mkewe Felisita. Wengine walipochimba uozo misimu miwili mfululizo, wao walichimba mihogo mikubwa, myeupe, wakawagawia majirani. Mimi mwenyewe nimekula mihogo ya Felisita na chumvi, nikaomba mingine ya kubeba.

Asubuhi ya mkutano ndipo nilipomaliza orodha. Niliona kwamba namba kumi na saba na namba kumi na nane zilifanana kama mapacha, hata virusi vyake. Mtu makini angejiuliza. Mimi nilikuwa na haraka ya kupigiwa makofi.

"Namba kumi na saba, Idefonsi. Ina ugonjwa," nikasoma mbele ya mtendaji na kijiji kizima. "Namba kumi na nane, Privatus. Ina ugonjwa."

Mzee Idefonsi alivaa kofia yake, akaondoka.

Nilimfuata nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, Felisita amesimama nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Majani yale hayakuwa yangu. Niliyachuma kwa jirani yangu Privatus, mpakani mwa shamba, mtafiti akiwa anaandika."

"Kwa nini, mzee?"

"Mtafiti alisema jani likisomwa litaeleza mmea umetoka wapi. Mama yangu alibeba pingili hizi mgongoni mwaka sabini na mbili, kutoka Burundi. Na mwaka ule wa watafiti kulikuwa na uvumi kwamba watu watakaguliwa karatasi za uraia. Nikajiambia, jani likitaja kwao, watamuuliza na mwenye shamba kwao ni wapi."

Nilishikwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Babu yangu Halfani alifika huku Ngara kutoka pwani na marobota mawili ya nguo, na hakuna aliyewahi kutuuliza kwetu ni wapi. Sisi nasi ni wa kuja, ila tulikuja na duka.

"Mwambie bwana shamba ukweli," nikasema. "Wachume majani mengine, wapime upya."

"Nimwambie kwamba nilidanganya? Ataniuliza sababu." Akanitazama. "Na wewe usimwambie. Naomba."

Felisita alisema, "Mwache amwambie, baba." Mzee akatikisa kichwa.

Nilikwenda kwa Desderius hata hivyo. Nikamwomba apime upya.

"Kompyuta yako imesema, sasa unataka ijikanushe?" akanijibu. "Kipimo kipya ni miezi mitatu, na mvua zinakuja. Nipe sababu moja ya kuwaeleza wakubwa."

Sababu nilikuwa nayo mdomoni. Nikaimeza. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au woga.

Mzee aling'oa mwenyewe, hakutaka vibarua. Mihogo ilitoka myeupe pe, watu wakaiona. Desderius alikata mmoja kwa panga, akautazama, akasema ugonjwa wakati mwingine hujificha. Kisha akaamuru pingili zote zirundikwe na kuwashwa moto. Privatus alisaidia kurundika, maana ni jirani mwema.

Pingili mpya tulizowaahidi waliochomewa ziliagizwa Biharamulo. Zilifika mvua zikiwa zimekwisha, zimekauka kau. Felisita alizipikia maharage.

Wiki iliyopita alikuja ofisini Nyamiaga, kwa miguu, kitenge kimejaa vumbi.

"Mwanangu, hicho chombo chako kinatunza majani ya watu wote?"

"Yaliyochumwa, ndiyo, mama."

"Nitafutie imyumbati ya mama mkwe wangu. Mihogo yake. Hata jani moja, labda wataalamu watajua pa kupata nyingine."

Nilijua jibu, lakini mikono ilikimbilia kazi, kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni. Nikaandika namba kumi na saba. Viungo vikaja, vyote, na maelezo chini yake. Felisita anajua kusoma. Akainama karibu na kioo, akaweka kidole.

"Idefonsi, Nyakisasa. Si ndiyo hii?"

"Hapana, mama. Hayo ni majani ya Privatus. Ya kwenu hayakuchumwa."

Kidole chake kilibaki pale kwenye jina la mumewe.

"Na hili linasomwa na nani?"

"Mtu yeyote, mama. Dunia nzima."

"Lifute basi."

Nikamwambia ukweli, kwamba ghala lile si langu, na halifuti kitu.