Mkunga wa Kuazima

Mwaka ule Bibi Itto alikuwa na kitendawili kimoja alichokipenda kuliko vyote: "Nyumba yangu ina mlango, ina madirisha, ina bendera juu, lakini haina mtu." Ukimtegea mtoto yeyote wa bonde la Ayt Umlil, alikukatiza kabla hujamaliza: "Zahanati!" Hakuna aliyewahi kuomba apewe mji.

Zahanati yenyewe ilijengwa miaka sita nyuma, ikakatiwa utepe, ikapigwa picha, ikafungwa kufuli. Kunguru ndio waliofaidi, maana walipata bomba la moshi la kutagia. Barabara ya vumbi ilikuwepo, gari likipita siku ya soko. Theluji ikishuka kwenye milima ile ya Atlasi, gari huwa ni nyumbu. Majira ya baridi yaliyopita Tuda, mkaza mwana wa Bibi Itto, alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akajifungua njiani, juu ya nyumbu. Mtoto alilia mara mbili tu. Itto alimbeba kifuani, ndani ya joho lake, na walipofika kwenye lami hakukuwa tena na haja ya kuharakisha.

Sasa Tuda alikuwa na mimba ya miezi saba, na vilele vilikwisha kuanza kuvaa weupe. Itto hakuhitaji kalenda. Alilitazama tumbo la mkwewe, kisha akautazama mlima, akajua vinakimbizana.

Ndipo yeye na wanawake wanne walipojitolea kuzunguka bonde zima kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Yamna binti Bassou, aliyesoma kuliko wote, ndiye aliyeandika ombi: mkunga mmoja akae zahanati, na kisanduku cha kuwapasha joto watoto njiti. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Katika kijiji cha tatu wino ukaisha.

"Basi turudi," alisema Yamna.

"Turudi kufuata nini, na hina ipo?" alisema Itto. "Tangu lini mwanamke wa hapa akakosa hina?"

Wakakoroga hina. Wabibi walifurahi kama wanaenda harusini, na mmoja akataka apakwe na kidole cha pili, asije akasahauliwa. Walipomaliza walikuwa na alama mia nne na kumi na mbili. Wakazifunga kwenye kitambaa, wakashuka nazo hadi ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Mkuu huyo aliitwa Bwana Buazza, mtu wa tambarare, ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni na yeye akafuata baadaye. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akainusa.

"Hili ni ombi au mwaliko wa harusi?"

"Ni ombi, bwana mkubwa," alisema Yamna.

"Sheria inataka wino. Hina ni ya mabibi harusi." Akacheka, na karani wake naye akacheka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa. "Bibi, nenda kapike kuskusi. Mambo ya afya yana wataalamu wake."

"Ndio hao tuliokuja kuwatafuta," alisema Itto. "Wako wapi?"

Bwana Buazza alimwashiria karani wake. Alimiminiwa chai ya mnanaa, akaiweka bilauri juu ya lile ombi kama mtu anayeweka chungu juu ya kata. Chai ikamwagika, ikachora duara juu ya dole gumba la mama yake Bassou, kikongwe aliyevuka mto na magongo mawili ili alitie. Itto aliliona duara lile. Aliondoka bila kuaga.

Lakini Yamna alikuwa amelipiga picha lile ombi kwa simu. Akaituma kwenye redio inayotangaza kwa lugha ya mlimani, na watangazaji wakauliza asubuhi tatu mfululizo: je, tangu lini hina ya wanawake ikawa si ushahidi? Siku ya nne habari ikafika: Alhamisi mkaguzi wa wizara atakuja kujionea.

Ewe msomaji, ungeona juhudi zilizozuka! Wilaya iliyokosa hata tone la dawa ya kikohozi ilipata mapipa ya chokaa. Wakapaka mawe ya barabarani, wakapaka vigogo vya mijozi, na punda wa Bassou alinusurika kwa sababu alijua kupiga mateke. Asubuhi ya Alhamisi lori likapanda likivuta pumzi. Ndani mlikuwa na vitanda vinne, mapazia, vyungu kumi vya maua, na kile kisanduku cha joto, king'aacho kama sinia jipya. Mbele, kando ya dereva, aliketi mkunga kijana, Ibtisam, koti jeupe lingali na mikunjo ya dukani.

Wanawake wakapiga vigelegele. Itto naye alifungua kinywa apige, kisha akakifunga. Aliona vitanda vinapangwa na plastiki zake, na kamba zimeviringishwa vizuri pembeni, zinangoja.

Akamwendea dereva. "Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Ayt Wanir, mama. Ng'ambo ya mlima. Naitwa Hmad."

"Basi ni wa kwetu. Hebu niambie, mbona kamba hizo hamzitupi?"

Hmad alitazama viatu vyake. "Nimeambiwa ikifika saa kumi, kila kitu kirudi juu ya lori. Ni vya kuazima, mama, vya hospitali ya mjini."

"Na yule msichana?"

"Naye wa kuazima."

Itto alimtazama Tuda, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, mkono kiunoni, akitabasamu mara ya kwanza tangu baridi ile. Hakumwambia kitu.

Mkaguzi alifika saa sita na viatu vyembamba, akiruka madimbwi kama kuku. Akavikagua vitanda. Akakigonga kisanduku kwa ukucha.

"Na mkunga?"

"Huyu hapa, mheshimiwa," alisema Bwana Buazza. "Mkunga wetu wa kudumu. Yupo hapa baridi na joto."

"Itie sahihi kauli hiyo," alisema mkaguzi, akimpa karatasi.

Bwana Buazza akatia sahihi, akagonga na muhuri. Wino siku hiyo ulikuwepo.

"Kuna malalamiko?" aliuliza mkaguzi, akijifuta matope.

Wanawake wote wakanyoosha vidole gumba juu, vyekundu kwa hina, msitu mzima wa vidole.

"Wanasema nini?"

"Wanashukuru, mheshimiwa. Ndiyo mila yao."

Mkaguzi akawapungia mkono. Yeye na Bwana Buazza wakaenda kula mwana-kondoo wa kuchoma, na baada ya hapo gari lake likashuka, mifupa ikabaki kwa mbwa.

"Haya, pakieni!" alisema Bwana Buazza, akijichokonoa meno. "Upesi, kabla giza halijaingia."

Hmad aliinama kuzifuata kamba. Hapo Itto akafungua mshipi wake wa sufu, ule wa rangi tatu aliovaa tangu aolewe, akautandaza ardhini mbele ya miguu ya Hmad, mlangoni pa zahanati. Mlimani kila mtu ajua maana yake. Mwanamke mzee akiutandaza mshipi wake mbele yako, amekukabidhi heshima yake, na ukiuvuka bila kumpa alichoomba, laana yake inalala nyumbani kwako, kwako na kwa wanao.

Hmad aliganda. "Mama, tafadhali usinifanyie hivi. Nina kazi, nina watoto."

"Na mimi nina mkwe, mwanangu. Kisanduku na vitanda vibaki, na msichana abaki. Sikuombi kingine."

Hmad alizitupa kamba. Akatoa ufunguo wa lori, akautia mfukoni, akaketi juu ya jiwe lenye chokaa.

"Huu ni upuuzi gani?" Bwana Buazza alifoka. "Ni kamba ya sufu hiyo!"

"Basi ivuke wewe, bwana mkubwa, ukapakie," alisema Hmad.

Askari wawili wakaitwa. Nao walikuwa wa mlimani; waliutazama mshipi, wakatazamana, na mmoja akaanza kulalamika mgongo. Bwana Buazza akaukanyaga mshipi, akaingia mwenyewe zahanati, akakikumbatia kile kisanduku. Akajaribu kukinyanyua. Kilichonyanyuka ni shati lake tu, tumbo likaonekana, na wabibi wakafunika macho kwa vidole vilivyoachana.

"Kitendawili!" alisema Itto.

"Tega!"

"Nina dubu mnono, hula kondoo mzima, hawezi kubeba hata alichoazima."

Hakuna aliyeomba mji hapo pia.

"Bwana mkubwa," alisema Yamna kwa adabu tupu, "mpigie mkaguzi. Bado hajafika mbali. Mwambie watu wa hapa wanamzuilia mkunga wa kuazima."

Bwana Buazza alitoa simu. Aliiangalia, akairudisha mfukoni taratibu. Akamgeukia Ibtisam, aliyekuwa ameketi ngazini akila mkate wa shayiri na siagi aliopewa na Tuda.

"Wewe! Panda gari langu."

"Niende wapi, bwana?" alisema Ibtisam, akilamba siagi kidoleni. "Umetia sahihi kuwa mimi ni wa hapa. Baridi na joto. Au karatasi ya serikali ni ya uongo?"

Bwana Buazza aliingia garini. Mlango wa gari ulibamizwa kwa nguvu.

Ibtisam akalivua plastiki godoro la kwanza, akamlaza Tuda, akasikiliza tumboni kwa muda.

"Moyo unapiga vizuri," alisema. "Lakini mama, wewe hutoki bonde hili mpaka ujifungue. Tutangoja pamoja."

Itto alitoka nje ili machozi yake yasionekane. Akaukung'uta mshipi wake alama ya kiatu, akajifunga. Hmad alikuwa bado jiweni.

"Inuka, mwanangu. Uende na radhi zangu."

"Na lori tupu, mama?"

Itto alivitazama vile vyungu kumi. Akalishika ua moja, akalisugua. Lilikuwa la plastiki.

"Hapana. Mrudishie bwana mkubwa maua yake," alisema. "Haya hatukuyaomba."