Mwenyeji wa Nyasia Tolliver

Jezi namba kumi na nne ilikuwa imetundikwa mbele ya kabati la kona, imenyooshwa vizuri, na mgongoni iliandikwa TOLLIVER. Brenna Hoekstra alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, begi begani, akaitazama kama mtu aliyekutana barabarani na koti lake limevaliwa na mwingine. Tangu alipojiunga na chuo, namba hiyo ilikuwa yake. Kijana wa vifaa alipomwona akawa mwekundu hadi masikioni. Akaeleza haraka haraka kuwa ni ya kupigia picha tu, maana ndiyo namba anayoivaa mgeni wao wa wiki hii shuleni kwao.

"Najua," Brenna alisema. "Inapendeza."

Wiki iliyotangulia Kocha Whitcomb alimwita ofisini, akafunga mlango taratibu, na kwa sauti ileile ya chini aliyoitumia zamani sebuleni kwa wazazi wake kumbembeleza achague chuo hiki, akamwambia kwamba mwaka ujao hatakuwa na nafasi kwenye timu ya mpira wa kikapu. Goti lake lililopasuliwa lilikuwa limepona, ndiyo, lakini halikurudi lilivyokuwa. Ufadhili wake wa masomo ungeisha pamoja na msimu huu. Kocha angemsaidia kupata chuo kidogo ambako angecheza kila mechi. Angepiga simu yeye mwenyewe. Kisha, Brenna akiwa bado hajui mikono yake aiweke wapi, kocha akaongeza ombi. Nyasia Tolliver anakuja kututembelea na bibi yake. Vyuo vikubwa vyote vinamgombea binti huyu, na katika timu nzima hakuna anayejua kumfanya mgeni ajisikie nyumbani kama wewe. Utakubali kuwa mwenyeji wake?

Alikubali. Baadaye alijiambia kuwa alifanya hivyo kwa ajili ya ile simu aliyoahidiwa. Lakini lilikuwepo jingine: alikuwa ameombwa kitu ambacho bado alikiweza, na siku zile hakuwa na vingi vya namna hiyo.

Wageni waliwasili Ijumaa mchana wakitokea mji wa Peoria, jimbo la jirani, gari likiwa na vumbi la mavuno ya Iowa hadi madirishani. Nyasia alishuka kwa kujikunjua, mguu mmoja kisha mwingine, msichana wa miaka kumi na saba mwenye mabega mapana na macho yasiyotulia. Bibi yake, Odessa, nesi mstaafu aliyemlea tangu akiwa mchanga, alishuka upande wa pili na kusimama kwanza, akiyazoeza magoti yake ardhi.

"Bibi, wamepanda mahindi mpaka mbinguni," Nyasia alisema. "Watu wako wapi sasa?"

"Watu ndio hawa wanaotukodolea macho. Salimia."

Brenna alicheka kabla hajajizuia. Alikuwa amejiandaa kumchukia msichana huyu, walau kwa siku hizo chache, na sasa aliona kwamba kazi hiyo itamshinda. Aliwabebea mizigo, akawaonyesha maktaba, ukumbi wa chakula, chumba cha tiba chenye mabeseni ya barafu. Nyasia aliuliza kila kitu: kama chakula kina ladha, kama walimu wanawajali, kama mtu mweusi anaweza kupata wa kumsuka nywele bila kusafiri nusu ya jimbo. Brenna alimjibu kwa ukweli. La nywele alimwambia aongee na wenzake wawili weusi wa timu, nao wakamcheka Nyasia kwa kudhani safari hiyo ingekwepeka.

Wakati wa picha, taa zikimmulika, Nyasia aliuvuta ukosi wa jezi akaitazama namba. Kwenye korido alikuwa ameona picha kubwa ya Brenna akiruka na namba hiyo kifuani.

"Hii si yako?"

"Ni ya timu," Brenna alisema. "Geuka, wanataka kuona jina."

Nyuma ya mpiga picha, Bi Odessa hakuwa akimtazama mjukuu wake. Alikuwa akimtazama Brenna.

Jumamosi, baada ya mechi ya mpira wa Kimarekani iliyoujaza mji mzima rangi za chuo, walikula nyumbani kwa kocha: nyama ya kuoka, viazi vya kuponda, pai ya tufaha. Kocha Whitcomb aliwahudumia mwenyewe, akacheka pale palipostahili, akakumbuka jina la kwaya anayoiimbia Bi Odessa kanisani. Hakuwa mwigizaji. Jambo hilo ndilo lililomsumbua Brenna kuliko yote. Mwanamke huyu, kocha wake, alikuwa akimpenda Nyasia kweli, kama alivyokuwa amempenda yeye.

Bi Odessa aliweka uma chini. Alisema yeye haelewi sana mambo ya mipira, lakini wodini aliwaona vijana wengi walioambiwa na miili yao kwamba basi. Akataka kujua mtoto wake akiumia hapa, itakuwaje.

"Hapa sisi ni familia," kocha alijibu. "Hatumtupi mtu wetu. Lakini msinisikilize mimi, mimi ndiye ninayewataka. Brenna, waambie."

Meza yote ikamgeukia. Brenna aliwaambia juu ya daktari bora aliyempasua, juu ya mtaalamu wa viungo aliyempokea kila asubuhi kwa miezi, juu ya kocha mwenyewe kulala kwenye kiti cha hospitali. Hakuongeza chumvi. Kila neno lilikuwa la kweli, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyohisi anajenga ukuta, tofali zima baada ya tofali zima, kuficha dirisha. Alipomaliza, Nyasia alikuwa akitabasamu. Kocha alimgusa bega. Pai ilikuwa tamu, na Brenna aliisukuma kando ya sahani.

Jumapili asubuhi alikwenda hotelini kuwachukua. Nyasia alikuwa bado anaoga. Bi Odessa alikaa peke yake mbele ya kahawa, akamwonyesha kiti.

"Jana umenieleza vizuri walivyokutunza ukiwa mgonjwa," alisema. "Sasa nieleze walivyokutunza ulipopona."

Brenna alikivuta kiti akaketi. Angeweza kusema chochote. Mzee huyu asingemlazimisha. Lakini kwa siku zote zile hakuwa amelitamka jambo lenyewe kwa mtu yeyote, hata kwa wazazi wake, na sasa lilimtoka jepesi kuliko alivyodhani: kwamba msimu ujao hatakuwepo, kwamba nafasi inayotolewa kwa Nyasia ndiyo yake.

Bi Odessa aliizungusha kahawa bila kuinywa.

"Na umetubebea mizigo," alisema hatimaye. Kisha akasema, "Mwambie mwenyewe, mwanangu. Atakayeishi hapa ni yeye, si mimi."

Brenna na Nyasia walikwenda uwanjani, wawili tu. Ukumbi ulikuwa mtupu, na mdundo wa mpira ulirudi kutoka kwenye viti vya juu kama mtu anayejibu. Walicheza mmoja kwa mmoja. Nyasia alidunda kwa mkono wa kulia, akainamisha bega kama anayeelekea kushoto. Brenna aliusoma ujanja ule mapema kabisa, lakini goti lilichelewa kufika pale akili ilipokuwa imeshafika. Mpira ukaingia kikapuni bila kugusa chuma. Mara ya pili vilevile. Brenna aliinama akahema, na ndani yake palikuwa na hasira, lakini palikuwa pia na furaha safi ya mchezaji aliyeona mchezo ukichezwa inavyopaswa. Angekuwa yeye kocha, naye angemchagua Nyasia. Hilo lilimuuma kuliko kufungwa.

Akamwambia, akiwa bado ameshika magoti.

Nyasia aliuacha mpira ukabiringika hadi ukutani.

"Kwa hiyo jana ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Sikumaliza."

"Bibi kalala akimshukuru Mungu." Alijifuta uso kwa fulana. "Na mimi juzi usiku nilikaa chumbani kwako, nikala chipsi zako, nikaringa. Ungeniambia Ijumaa."

"Ndiyo," Brenna alisema. "Ilinipasa kukuambia Ijumaa. Lakini usikatae kwa ajili yangu. Usipokuja wewe, atakuja mwingine, nami nitaondoka vilevile."

Waliketi kwenye benchi. Nyasia aliuliza mambo kadhaa, polepole, tofauti na maswali yake ya awali, na Brenna alimjibu yote. Hapo ndipo Kocha Whitcomb alipotokea mlangoni kumwita mgeni ofisini, ambako bibi yake alikuwa akisubiri, kwa mazungumzo ya mwisho, yale ambayo kila kocha hutarajia yaishe kwa kukumbatiana.

Hayakuisha hivyo. Brenna, aliyesubiri nje ili awasindikize, aliwaona wakitoka wametulia. Nyasia alikuwa ameomba aambiwe mbele ya bibi yake, kwa maneno ya kawaida, ahadi ya ufadhili inadumu kwa muda gani. Aliambiwa ni mwaka mmoja mmoja. Akashukuru, akasema atajibu akiwa nyumbani. Kwenye maegesho Bi Odessa alimshika Brenna mashavu yote mawili kwa viganja vyake vikavu. Nyasia aliteremsha kioo kana kwamba ana la kusema, kisha akainua tu mkono. Gari likaondoka.

Kocha alisimama kando yake, akilifuata kwa macho mpaka lilipomezwa na mashamba.

"Kuna kitu alikuuliza?"

"Aliniuliza, kama ningerudishwa nyuma nichague tena, na ninayoyajua sasa, ningekuja hapa?"

Upepo ulikuwa ukipeperusha maganda ya mahindi kwenye lami.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ndiyo."

Brenna alimgeukia, akitaka kumwona usoni. Kocha Whitcomb, aliyejua kumtazama kila mzazi machoni katika sebule za majimbo matano, alikuwa akizitafuta funguo zake mfuko mmoja baada ya mwingine, na funguo zilikuwa mkononi.