Maharage ya Kupika

Uji wa Atuganile ulikuwa umeshika utando juu, naye bado ameegemeza shavu mkononi, akiitazama kompyuta kama mtu anayemwuguza ndugu asiyetaka kusema anaumwa wapi. Nikauchukua, nikaupasha moto tena.

Mjukuu wangu huyu ameajiriwa na ofisi ya Iringa mjini, lakini tangu nilipoteguka nyonga anafanyia kazi hapa kwangu, Uyole. Hajawahi kusema kwamba ni kwa ajili yangu. Husema mtandao wa huku ni mzuri.

Kazi yake amenieleza mara nyingi, bila kuchoka nami. Anatunza maelekezo yanayoiambia kompyuta jinsi ya kuunda programu, ichukue vipande gani na iviunge vipi. Vipande hivyo wanaviita maktaba. Zipo za majaribio, ambazo huandika kila kinachotendeka ili fundi aone kosa lilipo. Zipo na za kazi, nyepesi na kimya, na hizo ndizo hupelekwa kwa watu. Maelekezo yake ndiyo huchagua.

Simu ikalia. Alikuwa Ezekia, msimamizi wa mzani unaoendeshwa na programu ya ofisi yao, kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Chimala. Sauti yake ilijaa sebule.

"Dada Atu, mzani umelala tena. Watu wanasema kompyuta yenu imekula wali ikashiba."

"Pole, kaka. Foleni ni kubwa?"

"Imefika barabarani. Magunia yako wazi kwenye matoroli, na mawingu hayo yanakuja."

Alipokata simu, Atuganile alifumba macho. "Programu ya mzani imetoka na maktaba ya majaribio, Bibi. Inaandika, inaandika, mpaka inakosa nafasi. Na mimi niliagiza ya kazi. Niliagiza."

Hakuwa na nguvu hata ya kulia. Meneja wake, Brayson, alikuwa akimpigia tangu alfajiri, na kila alichoombwa alijibu, "Sawa, bosi."

Mlangoni akabisha hodi Batuli, jirani yangu. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha ardhi, naye alitaka mbegu za maharage. Zangu zilikuwa zimekwisha. Lakini kwetu mtu hatoki mlangoni mikono mitupu, basi nikamchotea kwenye debe la maharage ya kupika, ya siku nyingi.

"Haya mama, kapande."

"Asante, Bibi. Mungu akuzidishie."

Nilipogeuka, Atuganile alikuwa akinitazama.

"Bibi, si ulisema mbegu zimekwisha?"

"Sasa ningemwambiaje hakuna?"

Akalitazama debe la maharage. Kisha akairudia kompyuta yake, akashuka mstari kwa mstari, mpaka kidole chake kikatua kwenye kioo.

"Niliandika mimi," akasema polepole. "Maktaba ya kazi isipoonekana, chukua ya majaribio. Sikutaka mwenzangu yeyote akwame. Basi ikawa inachukua, na haimwambii mtu."

Hakunilaumu. Akaufuta mstari ule, akaandika mwingine: isipoonekana, simama, useme haipo. Maktaba ya kazi akaikuta imewekwa mahali pasipo pake. Akairudisha, akaunda programu upya, akaituma. Muda si muda Ezekia akapiga, nyuma yake watu wanashangilia. "Umeamka, dada! Toroli la kwanza limepanda!"

Mimi nikachukua mkongojo wangu.

Nilimkuta Batuli ameinama shambani na jembe. "Mama, yale si mbegu," nikamwambia. "Mbegu sikuwa nazo."

Akacheka, akitazama chini. "Nilijua, Bibi. Hata uliyonipa mwaka jana hayakuota. Nikanunua mengine sokoni, nikapanda kimya kimya."

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambiaje?"

Nilirudi taratibu. Atuganile alikuwa amelala palepale mezani, bakuli la uji likiwa tupu. Nikamfunika kanga mabegani. Simu ikaanza kulia, jina la Brayson likiwaka, nikaiwahi kabla haijamwamsha, nikaitika.

"Shikamoo, Bibi. Naomba Atu. Kuna kakazi kadogo tu."

Neno la kumridhisha lilikuwa limeshafika ulimini.

"Marahaba, mwanangu. Amelala," nikasema. "Simwamshi."

Mvua ikaanza kudondoka kwenye bati, tone hapa, tone pale. Nikaishika simu kwa mikono miwili, nikangoja jibu la Brayson.