Vipande vya Ulimi

Saa mbili na robo asubuhi, mtaalamu wa maabara alikata kipande chembamba cha ulimi uliogandishwa ndani ya nta. Alipokilaza juu ya kioo cha hadubini, kikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, akaandika namba ya mgonjwa.

Tangu siku hiyo vipande vyote vya saratani ya kinywa vilizungumza. Saratani za pole zilijikongoja neno kwa neno. Zile kali zilitiririka bila kumeza mate. Daktari wa maabara alisikiliza vipande thelathini vya zamani, akalinganisha na yaliyowapata wagonjwa wenyewe baadaye, asikute kosa hata moja. Akapeleka ripoti kwa mkurugenzi.

"Kazi nzuri," mkurugenzi alisema. "Ila fomu inataka ukali wa saratani uonekane kwa rangi ya kupaka kwenye kipande, haitaki sauti. Rangi ikifika, mtapima."

Rangi iliagizwa miaka mitatu iliyopita. Wagonjwa waliendelea kufanyiwa upasuaji kwa foleni, aliyeandikishwa kwanza akitangulia.

Ijumaa, wenzake walipotoka kwenda kula, mtaalamu alifungua kabati la sampuli za zamani akatoa ya mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, wakimwita Redio. Mteja wake aliondoka hadithi ilipokwisha, hata kama kichwa kilikwisha zamani. Alipougua saratani ya ulimi, aliambiwa asubiri upasuaji miezi mitano. Mwezi wa tatu ulimi ulikataa kutamka, akawa anamwandikia mkewe kwenye daftari. Mwezi wa nne wakamzika. Daftari mkewe analo bado, lakini sauti ya mumewe ilikuwa imeanza kumtoka masikioni.

Akakata kipande, akakilaza kiooni.

"Mama watoto, umekula?"

"Bado."

"Utaugua vidonda vya tumbo, shauri yako. Mdogo anakohoa bado? Ule mlango wa jikoni umeshapigwa randa?"

Maneno yalikuwa yanakanyagana. Alikuwa amesikia vipande vingi mno, hakuhitaji mtu wa kumweleza maana ya kasi ile. Kwa sauti hii, ukali wa saratani yake ungejulikana wiki ya kwanza.

"Anaendelea vizuri," akasema. "Mlango bado unakwaruza."

"Na huko kwenye foleni, mbele yangu wamebaki wangapi?"

Alifuta miwani kwa pindo la koti.

"Wawili tu."

"Basi si haba," Redio akasema, akaanza kumsimulia kisa cha mteja aliyesinzia kitini akaamka hana ndevu. Mkewe alikwishakisikia mara nyingi. Akasogeza stuli karibu, akasikiliza tangu mwanzo.