Kipande cha Hakimu Stroud

Chama cha Wakusanyaji Saini za Enzi ya Machimbo ya Dhahabu, tawi la Mto Kessel, Kalifornia, kinawatangazia wanachama wake kwamba kuanzia mkutano huu biskuti za sukari hazitaandaliwa tena, kwa kuwa sukari hunata kwenye kurasa za albamu. Zitaandaliwa za chumvi.

Tangazo lilikuwa bado likisomwa marehemu Fong Lam alipoingia, akichuruzika maji ya mto, akaketi kando ya Wendell Trask, daktari wa meno mstaafu. Alikuwa akihudhuria tangu theluji ilipoyeyuka. Wanachama hawakuwa na neno naye ila unyevu, ambao ni adui wa karatasi.

"Wendell, msogeze basi mgeni wako," mweka hazina alinong'ona. "Anatulowesha, na wewe umetulia kama bwana harusi."

Trask alimsogeza. Marehemu alishika hati yake, iliyokuwa majivu matupu lakini haikumeguka. Upande wa chini ilikuwa na tundu la mstatili. Trask alilijua. Ujanani alifundishwa na wakusanyaji waliomtangulia kwamba chenye thamani ni saini, maneno yaliyo juu yake ni mzigo tu. Akaikata saini ya Stroud, hakimu wa machimbo aliyenyongwa kabla hajatia saini nyingi, na karatasi iliyobaki akawashia jiko. Aliisoma kwanza. Ilimthibitishia Mchina mmoja ardhi ya kona ya mto.

Kona hiyo sasa ni shamba la mapeasi la Maureen Fong, kilembwe wa marehemu, na kampuni ya kokoto ilikuwa ikiidai. Baraza la wilaya lingeamua Jumatatu. Maureen, aliyekuwa amesimama mlangoni na viatu vya shambani, alikuja akampangusa babu yake uso.

"Daktari, babu anasema chake kiko kwako," alisema. "Sikuja kugombana. Waambie tu baraza kwamba uliiona hati ikiwa nzima."

Siku hizi kukata hati kulikatazwa, na chama kilikuwa kimekwisha kuwafukuza wanachama wawili kwa kosa hilo. Trask alitazama meza.

"Saini niliinunua ikiwa imekatwa hivyo hivyo, mama."

"Haya," alisema Maureen.

Marehemu hakukasirika. Aliyaweka majivu juu ya albamu iliyofunguliwa, na saini ikateleza kutoka kwenye ukurasa wake hadi ndani ya tundu, ikaenea bila kubakiza mwanya. Mwenyekiti aliikagua kwa kioo cha kukuzia, akampongeza Trask: kingo zilithibitisha kwamba saini ni halisi. Mtu alipitisha biskuti. Trask alichukua moja.

Jumatatu aliketi safu ya nyuma ya ukumbi wa wilaya, na ilipoulizwa kama kuna mwenye la kusema, alichunguza kucha zake. Baraza liliamua kwamba majivu si hati. Kwamba saini isiyo na maneno haimpi mtu ardhi. Na kwamba marehemu Fong Lam, kwa kuwa alifika kwa wakati, aandikwe miongoni mwa waliohudhuria.