Mota Tatu, Draivu Tano na Nusu

Mimi ni mwepesi wa hasira, na kijiji kizima cha Gando kinalijua hilo, kwa hiyo sina haja ya kulificha. Siku Bwana Haidar, mtengeneza sabuni kutoka Unguja, aliporudisha mfuko wetu wa unga wa mwani na kusema ni mchanga, nilimjibu maneno ambayo mwenyekiti wa kikundi hapaswi kumjibu mnunuzi. Alipoondoka nikatandaza mtandio wangu, nikamimina ule unga, nikatikisa. Nusu ulipita, nusu ukabaki juu unachakacha. Mtu wa watu alikuwa amesema kweli.

Kipimo chetu ni mtandio tangu zamani, tulipokuwa tukiutwanga mwani kwa mchi. Usiopita unarudi kinuni. Sasa tuna kinu cha umeme, chenye nyundo za chuma ndani, na tulidhani mambo ya kurudisha yamekwisha. Haidar alitupa wiki mbili. Unga ukipita wote, atachukua kwetu kila mwezi. Usipopita, atakwenda kwa wengine, na wanawake thelathini na wawili watabaki na mwani wao uani.

Fundi wetu alikuwa Shamima, mwanangu wa tatu, mwenye miaka ishirini na sita na cheti cha umeme. Nasema fundi, lakini ni fundi wa nusu. Wenzangu wengi walimtaka Fundi Kificho wa mjini Mkoani, mtu mzima mwenye duka na jina. Ufunguo wa chumba cha kinu nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga, na Shamima akitaka kuingia huja kuniomba.

Alikaa siku nzima na kile kinu, kisha akaniambia, "Mama, nyundo zinakwenda polepole. Hino mota imetengenezwa kwa umeme wa hezi hamsini, ndiyo mapigo hamsini kwa sekunde, na imeshikana na kinu moja kwa moja, haina mkanda wa kubadilisha. Tukitaka mbio zaidi, tununue draivu."

Draivu ni kisanduku cha kuongoza mwendo wa mota, ukitaka taratibu, ukitaka mbio. Akaniandikia karatasi: draivu moja, kilowati tano na nusu. Nikaipeleka Mkoani kwa Kificho.

Kificho akaisoma, akavua miwani. "Mota yenu ya kilowati ngapi, Bi Asya?"

"Tatu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Sasa tano na nusu ya nini? Mwanao anaivisha mota kanzu ya babu'ake!"

Waliokuwa dukani wakacheka naye. Nami, kwa haya, nikafikiri kama mwanamke aliyenunua kanga miaka arobaini. Kanga ni doti. Vipande viwili, rangi moja, jina moja, upana mmoja, na anayekuuzia visivyolingana amekupunja. Mota tatu, basi na draivu tatu. Nikaomba kalamu, nikaifuta tano na nusu ya mwanangu, nikaandika tatu kwa mkono wangu.

Kificho aliileta mwenyewe Jumatatu, siku tatu kabla ya Haidar kurudi. Kificho akiwa bado nje anashusha zana zake, Shamima akalifungua boksi, akanyanyua macho. "Mama, n'liandika tano na nusu."

"Hawana," nikasema. Uongo wa mchana, tena mbele ya mwanangu.

Akaitoa draivu, akaiweka karibu na mota. Kificho akaingia, akafunga nyaya zake, akawasha. Hezi hamsini, kinu kikazunguka kama siku zote. Akapandisha sitini, sabini, themanini. Kinu kitupu kikavuma mpaka vumbi likaruka dirishani, na kina mama wakapiga vigelegele. Kificho akanitazama kama aliyeshika ubingwa.

Mwanaasha, ambaye ndiye mtiaji wetu, akamwaga besheni la mwani. Kinu kikaguna, kikapungua mbio, na draivu ikajizima yenyewe kwa maandishi mekundu. Kificho akawasha tena, ikajizima tena. Mara ya tatu akasema kinu ni kibovu.

"Kinu kizima, Mzee Kificho," akasema Shamima. "Mota ndiyo haina nguvu. Ukiipita hamsini, mbio zinaongezeka, lakini volti haziongezeki, zimeshafika mwisho wa zile zinazotoka nguzoni. Sufuria la pilau ni lile lile, na wageni wanazidi kuingia. Kila sahani itapungua. Ikiwa tupu inakimbia, ikipewa kazi inaanguka."

"Basi ndiyo mwisho wake," akasema Kificho. "Mota ni ya hamsini."

"Si mwisho. Soma kibati." Akapangusa kibati cha mota kwa kidole. "Volti mia mbili na ishirini kwa delta, mia tatu na themanini kwa sta, ndizo njia mbili za kuunganisha nyaya za ndani ya mota. Weye umeifunga sta. Mie n'taifunga delta."

Kificho akaruka. "Delta, kwenye mia tatu na themanini? Mwana weye, utaiunguza mchana kweupe!"

"Nikiipa mia tatu na themanini kwenye hezi hamsini itaungua, kweli. Siipi. Kwenye hamsini itapata mia mbili na ishirini, kama kibati kinavyotaka, kisha volti na mbio zipande pamoja. Zile mia tatu na themanini zinakutana na hezi themanini na saba. Na huko hatufiki, kwa sababu kinu nacho kina kibati chake na kina mwisho wake. N'tasimama themanini. Wageni wakiongezeka, na sufuria linaongezeka."

Nilikuwa sijaelewa nusu ya maneno yale, lakini nilimwona Kificho anaelewa, na nilimwona hapendi.

"Ila sufuria kubwa linataka mpakuzi mwenye mikono," akaendelea Shamima. "Kwenye delta mota inakula umeme mwingi, ampea kumi na moja na zaidi. Hino draivu ya tatu mwisho wake saba. Ya tano na nusu inatoa kumi na tatu. Ndiyo maana n'liandika tano na nusu."

Kificho akageuka. "Mie nililetewa karatasi imeandikwa tatu."

Macho yote yakanijia. Ningeweza kusema Kificho alinidanganya, na wangeniamini, maana ulimi wangu wanaujua. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amejiinamia anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa, na hapo nikafahamu kwamba alijua tangu boksi lilipofunguliwa, akanisitiri.

"Nilifuta mimi," nikasema. "Yeye aliandika sawasawa. Nilichekwa dukani, nikaona haya, nikafuta. Na dukani zipo, nilimdanganya."

Hakuna aliyecheka. Hasira zilinipanda, na kwa kuwa wa kukasirikiwa nilikuwa mwenyewe, nikamgeukia Kificho. "Ile ya tano na nusu iliyokuwa nyuma yako juu ya rafu, ilete."

"Naileta, tuibadilishe na hino," akasema. "Lakini mota ikiungua, Bi Asya, fundi wa hapa n'takuwa mie, na ufunguo mnanipa mie."

Kabla sijafungua kinywa, Shamima akajibu, "Sawa."

Usiku wa siku tatu zile sikupata usingizi wa maana. Si kwa ajili ya mota. Mota hununuliwa nyingine. Nilihofia jina la mwanangu, maana fundi mwanamke akiunguza kitu kimoja, watu humsimulia mpaka kwa wajukuu.

Alhamisi Haidar akafika mapema kuliko alivyosema, na Shamima, mota ameshaifunga delta, alikuwa bado anabonyeza vitufe vya ile draivu ya tano na nusu. Alibonyeza taratibu, akilinganisha kila tarakimu na daftari lake, moja moja. Haidar akatazama saa. Nikamwambia saa hiyo angeiacha Unguja. Kificho alisimama karibu na mota, ameshika mita ya kupimia ampea, uso ameukaza.

"Bismillahi," akasema Shamima, akawasha.

Hamsini. Sitini. Sabini. Themanini. Akampa ishara Mwanaasha, na Mwanaasha, kwa haraka, akamwaga besheni zima badala ya nusu.

Kinu kikaguna. Nilifumba macho. Mguno ule ukaendelea, haukushuka, ukatulia ukawa mvumo mmoja mzito. Nikasikia sauti ya Kificho inasoma. "Tisa. Kumi. Kumi na nusu." Akaiinamia mita. "Kumi na nusu. Imesimama."

Besheni la pili, la tatu, mpaka gunia likaisha. Saa nzima ilipita. Kificho akaweka kiganja juu ya mota, na sote tukamtazama yeye badala ya kinu. Alikiacha kiganja pale muda mrefu. Mtu hawezi kuacha mkono juu ya kitu kinachoungua.

"Joto la kawaida," akasema. Kisha, na hili nampa heshima yake, akavua kofia. "Shamima, hizo hesabu zako niandikie. Wambaa kuna mashine ya barafu imenishinda mwaka wa pili."

Nikauvua mtandio wangu wa juu, ule mweupe wa Idi, nikabaki na ushungi. Nikautandaza, nikamimina unga, nikatikisa. Ukapita. Nikatikisa tena, nikaugeuza, nikaupiga kwa vidole. Juu ya mtandio palibaki alama ya kijani tu. Haidar akachota kidogo, akausugua baina ya vidole, akanusa.

"Mizigo mingapi kwa mwezi?" akauliza. Kisha, "Na fundi wenu nani?"

Wenzangu wakanigeukia. Walitaraji nitasema mwanangu, na moyo wangu ulijaa kiasi kwamba neno hilo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mwana kila mtu anaye.

"Fundi Shamima," nikasema.

Nikasogea mpaka alipo. Nikafungua pindo la kanga yangu, na fundo lile la miaka miwili lilikuwa gumu, ikabidi nitumie meno. Nikautoa ufunguo, nikashika pindo la kanga yake, nikaufunga humo mafundo mawili. Mikono yake ilikuwa na grisi, akainyanyua juu isinichafue, na machozi yakamshuka bila ya mkono wa kuyafuta. Nikamfuta mimi. Nilijivuna siku ile, na mpaka leo najivuna, wala sioni haya.

Asubuhi ya pili nilikwenda kuchukua besheni langu, nikaukuta mlango umefungwa kwa ndani na kinu kinavuma. Mkono ukaenda pindoni wenyewe, na pindoni hamna kitu. Miaka miwili mlango ule sijamuomba mtu.

Nikabisha hodi.