Breka ya Hita ya Mama

Ukitaka kumwona fundi umeme akigeuka mbogo, mletee breka isiyoendana na boksi lake, halafu umwambie, "Si imeingia?" Kaka yake Fundi alifanya hivyo hivyo, tena mbele ya mama yao. Jamani, nusura nyumba ihame.

Hita ya maji yenyewe aliinunua huyo kaka. Mama yao alikuwa amesafisha vyumba vya hoteli tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkataa. Kutwa alisugua mabafu ya wenzake, jioni akirudi kwake anaoga maji ya ndoo. Uzeeni hakuomba makubwa. "Nataka shawa ya moto," alisema. "Nisimame tu, maji yanimwagikie mpaka nichoke mwenyewe. Basi." Kaka akaleta hita, fundi bomba akaitundika, ukabaki umeme. Na umeme, nani mwingine? Kitinda mimba wa nyumba hiyo alikuwa binti, ndiye huyo Fundi, na simu yake haikupoa kwa wateja.

Fundi alikuja, akafungua mlango wa boksi la breka ukutani, akaguna. Lilikuwa la zamani, la kiwanda kilichokwisha fungwa. Hita ile ilitaka breka ya miguu miwili, inayokata nyaya zote mbili kwa mpigo, tena ya aina inayohisi umeme ukivuja na kuukata kabla aliye majini hajajua lolote. Na breka lazima iendane na boksi, si kufanana kwa sura tu. Njia zilikuwa mbili: atafute breka ya boksi lile, au ang'oe boksi lote aweke jipya. Boksi jipya na breka yake alikuwa navyo stoo. Lakini kazi ile ingemlia muda, na wateja walikuwa wanamsubiri. Mteja ukimchelewesha anahamia kwa mwingine. Mama haendi popote. Ndivyo alivyojiambia.

"Nakutafutia breka yake, mama. Vumilia kidogo."

Kidogo! Neno hilo limewaponza wengi. Wiki zikapita. Muuza vifaa alimwambia njoo kesho, kesho ikazaa kesho nyingine. Mama kila akisikia hodi anauliza, "Ndiyo breka hiyo?" Akiambiwa bado, anacheka. "Hata baba yenu hakuchelewa hivi kuja kuniposa, na mwoga vile alivyokuwa!"

Ndipo kaka akatokea na breka mfukoni. Alikuwa ameinunua dukani bila kumuuliza mtu. Hakungoja. Alizima swichi kubwa, akaipachika pale kwenye nafasi tupu, akamwita mdogo wake aje aunge nyaya.

"Si imeingia? Ungesikia ilivyolia, tak!"

Fundi aliigusa kwa kidole kimoja, ikacheza. "Unaona? Haijaishika shaba inayoleta umeme. Ikilegea inapata moto, ikipata moto inaunguza. Na siku umeme ukivuja, nani atakuhakikishia kwamba itakata? Unataka kumuua mama bafuni?"

"Mimi nataka aoge!"

"Na mimi nataka atoke bafuni mzima!"

"Wanangu," mama akasema kutoka kitini, "mkimaliza kunigombania mniambie. Mimi mtoto wa watu naota kutu hapa."

Wakacheka wote. Kaka akaichomoa breka yake, akanywea. Fundi akaondoka kifua mbele, na siku zile kila alikokwenda kufanya kazi alisimulia jinsi alivyomnyoosha kaka yake. Alikuwa na haki, hilo halina ubishi. Ila haki ile ilimpa kiburi, akasahau kwamba dawa ilikuwa imelala stoo kwake. Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu hata mama yake hakumganga.

Mvua zilipoanza, mama alishikwa na kifua. Kikawa nimonia, akalazwa, na hospitali haikumrudisha nyumbani.

Baada ya msiba kaka alihamia nyumba ile na mkewe na watoto. Asubuhi moja Fundi akaja, hakuitwa na mtu, na boksi jipya begani. Alikata umeme, akang'oa lile la zamani, akapanga nyaya moja moja, akapachika breka ya miguu miwili inayoendana na boksi lake. Ilikaa imara, hata ukiivuta kwa nguvu. Akabonyeza kitufe cha kuijaribu, ikakata papo hapo kama inavyotakiwa. Akairudisha. Kabla ya chakula cha mchana maji ya moto yalikuwa yanatoka bafuni.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Boksi hili umelipata wapi?"

"Lilikuwa stoo kwangu."

"Tangu lini?"

Fundi angeweza kudanganya. Kaka asingejua. "Tangu siku ya kwanza," alisema.

Fundi alingoja matusi, na moyoni aliyataka, kwa sababu angalau yangekuwa malipo. Kaka akaanza kusema polepole, bila hasira.

"Siku moja kule hospitali nilikulaumu. Nilimwambia mama kwamba umempuuza. Alinikaripia, pumzi yenyewe hana. Akasema, mwache mdogo wako, amehangaika mji mzima kwa ajili yangu. Kungekuwa na njia nyingine, angeshaifanya."

Halafu akaenda zake uani.

Fundi alikaa sakafuni pale pale, bisibisi mkononi, akalia kama aliyefiwa siku hiyo.